Nilivyomsimamishia Kulwa Mchezo

Nilifunga damu ya kaka yangu. Kwenye mpira unaoshusha damu kutoka kwenye chupa kuja kwa mgonjwa kuna kigurudumu kidogo cheupe. Nilikizungusha kwa kidole gumba mpaka kikagoma, halafu nikatoka nje ya wodi kwenda kula karanga, roho imetulia kabisa. Huo ndio ujinga wenyewe. Nimeona niuseme mapema kwa sababu ninyi wenzangu mmezoea kwamba Shija akifungua mdomo kazi yenu ni kushika mbavu. Hii leo mkicheka mtacheka peke yenu.

Kilichonichokoza ni harufu. Jumamosi mama alinituma mashudu ya ng'ombe, kule upande wa kiwanda cha kuchambulia pamba, na yule muuzaji akanielekeza nikabebe mwenyewe ghalani. Kuingia tu, harufu ikanishika koo. Wanaofuga wanaijua: mbegu za pamba zilizokamuliwa, harufu kama ya karanga zilizosahaulika jikoni, nzito, ya mafuta, inayokaa kwenye shati mpaka Jumatatu mwalimu anauliza nani kaja na ng'ombe. Nikatazama ukuta wa mwisho. Kulikuwa na misumari miwili mikubwa ambayo haina kazi yoyote kwenye ghala la mashudu. Zamani ilishikilia runinga. Nilikuwa nimesimama ndani ya kilichokuwa kibanda cha video cha Dijei Luhende na gunia begani, na sikuweza kutoka.

Kwetu anayezaliwa nyuma ya mapacha hachaguliwi jina, anaitwa Shija na mjadala unafungwa. Kwa hiyo mlipaswa kujua siku zote kwamba nina Kulwa na Doto mbele yangu, ila hamjawahi kuuliza, na mimi sijawahi kusema. Doto alikufa bado ananyonya. Kulwa akabaki, na alibaki kwa mbinde. Alikuwa na ule ugonjwa wa damu, sikoseli, uliojaa huku kwetu kuliko walimu wa hesabu. Macho yake yalikuwa ya njano, na mwenyewe alisema ni taa za fulu, akiwasha mnapofuka. Vidole vilimvimba asubuhi za baridi. Alikuwa kanizidi umri kwa mbali lakini kaptula zangu zilikuwa zinakaribia kumtosha, na akizivaa alinitangazia kwamba mimi ndiye ninayevaa zake kabla hajazimaliza.

Baba alikuwa Meatu na ng'ombe, tulimwona mvua zikimleta. Nyumbani tulikuwa sisi watatu, mama, Kulwa na mimi.

Kibanda cha Luhende kilikuwa cha mabati, kimefunikwa maturubai meusi ndani ili jua lisiingie, na kimegusana mgongo na ghala la mashudu, ndiyo maana filamu zote za utoto wangu, hata zile zenye theluji, zina harufu ya chakula cha ng'ombe. Asubuhi palikuwa pa gemu, mchana pa filamu. Filamu Luhende alizitafsiri mwenyewe, kipaza sauti mkononi, moja kwa moja. Mtu huyo mmoja alikuwa jambazi, polisi, bibi kizee, mbwa na mlango unaofungwa. Mapenzi aliyatafsiri kwa Kiswahili cha redioni, ugomvi kwa Kisukuma, kwa sababu alisema Kiswahili kinamchelewesha kutukana.

Gemu lilikuwa moja tu lililotutoa udenda, la wapiganaji. Wawili wanasimama, wanapigana mpaka mmoja anaanguka. Majina yao ya kizungu hakuna aliyeyajali, Luhende alikuwa amewabatiza upya. Wa Kulwa aliitwa Masanja, kijana mwembamba aliyefungwa njuga miguuni, na sisi wadogo tuliamini kabisa ni Msukuma aliyepotelea ng'ambo kwenye mashindano ya ngoma. Adui yake alikuwa bibi mmoja mwenye mwavuli, ambaye akiufungua ujue umekwisha.

Juu ya kila mpiganaji kulikuwa na mstari mwekundu. Huo ndio uhai wake. Ukipigwa unapungua, unapungua, ukifika mwisho unalala. Kulwa ndiye aliyenifundisha kuusoma kabla sijajua kusoma jina langu. "Usimtazame mtu," aliniambia, "mtu anakudanganya, anarukaruka tu. Tazama mstari. Mstari hausemi uongo." Na alinifundisha kitufe cha katikati, cha kusimamisha. Vidole vyake vilipoanza kumuuma katikati ya pambano alikibonyeza, kila kitu kikaganda, bibi na mwavuli wake hewani, mstari ukiwa pale pale ulipofika. Kulwa anavinyonga vidole, anavipulizia, wenzake wanamlalamikia. "Bebe, wewe, hiyo siyo haki, unapumzika na ugomvi wa watu!"

"Ndiyo akili hiyo," anajibu. "Mstari ukibaki kidogo, simamisha. Aliyesimamishwa hafi."

Hayo maneno mtu mzima angeyasikia akacheka. Mimi niliyameza mazima.

Msimu ule wa pamba Luhende akapita na baiskeli, spika imefungwa kwenye kerya, akitangaza mtaa kwa mtaa kwamba wale wapiganaji mnaowapiga na kupigwa nao, sasa wametoka kwenye gemu, wamekuwa filamu. Filamu nzima ya katuni! Mtaona kwao! Mtamwona mama yake Masanja! Kulwa alikuwa anachambua pamba uani, akatupa lundo lote hewani likatuangukia vichwani. Mama akapiga kelele kwamba anachanganya safi na fifi, ile chafu, lakini naye alikuwa anacheka, kwa sababu Kulwa kuwa na nguvu ya kutupa kitu ilikuwa sikukuu.

Akamruhusu kwa masharti. Avae sweta. Anywe maji, chupa nzima. Na aende na mimi. "Akianza kuumwa," mama aliniambia mimi, mtoto wa chekechea, "wewe ndiye utakuja kuniita. Umesikia? Mtazame mwenzio."

Nilimtazama gete, kweli kweli. Nilimtazama kuliko filamu.

Kibanda kilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya miguu ya watu wasiowajua. Filamu ikaanza, wapiganaji wakatoka kweli, wanatembea, wanakula, Masanja ana nyumba na njuga zake zinalia akienda kuchota maji. Kila mtu anashangilia. Mimi nikaanza kuona kuna kitu kimekosekana, na woga ukanishika.

"Kulwa. Mstari uko wapi?"

"Mstari gani?"

"Wa uhai. Juu hapo hakuna kitu."

"Hii ni filamu, Shija. Filamu haina mstari."

"Sasa watu watajuaje amebakiza kiasi gani?"

"Hawajui."

"Hata yeye mwenyewe?"

"Hata yeye. Nyamaza."

Mmoja nyuma akasema, "Huyo mtoto mnyonyesheni basi!" Kulwa bila kugeuka akamjibu, "Njoo umnyonyeshe wewe, matiti si unayo?" Kibanda kikalipuka. Luhende akasimamisha filamu. "Huko nyuma! Mimi natafsiri, na ninyi mnatafsiri, wateja wamsikilize nani?" Kisha akaendelea, akawa bibi wa mwavuli, sauti nyembamba ya kutisha, na bibi akaufungua.

Masanja akaanguka. Nikasubiri. Kwenye gemu ukianguka namba zinatokea, zinahesabu kurudi chini, na ukiwahi kubonyeza unasimama tena. Namba hazikutokea. Njuga moja ilikatika ikabingirika peke yake. Luhende akashusha sauti, akasema, "Na hapo, ndugu watazamaji, Masanja amelala. Na usingizi wenyewe siyo huu wetu." Watu wazima wengine wakaguna. Mimi nikageuka kumwambia Kulwa abonyeze kitu, nikakuta amejikunja, paji la uso limegusa magoti, anatafuna mkono wa sweta ili asilie mbele za watu.

Mpaka leo sijui ile filamu iliishaje. Nilipopiga kelele Luhende alitupa kipaza sauti, akazima runinga kabisa, watu wakazomea, wengine wakadai warudishiwe kiingilio, naye akamnyanyua Kulwa kama gunia tupu, akamweka mbele ya bodaboda. Mimi nilikimbia kumwita mama. Hilo nililifanya sawasawa. Ni hilo tu.

Hospitalini wakasema damu imekwisha, na ya kundi lake benki hakuna, ndugu wajitokeze. Ndugu wenyewe ndio sisi. Mama alishapimwa zamani akakataliwa, baba yuko na ng'ombe kusikokuwa na mtandao, mjomba yuko Nyashimo. Luhende alikuwa bado amesimama pale koridoni, na vumbi la kibanda kichwani. Akakunja shati. Damu yake ikaonekana inafaa. Nilikaa nikiwaza kwamba Kulwa akishaongezewa damu ya Luhende ataamka na sauti zote, ya jambazi, ya mbwa na ya mlango, na nikapanga kabisa nitamtuma aige sauti ya mama ili watoto wa jirani waturudishie mpira wetu.

Kesho yake mchana damu ikaletwa, ikatundikwa kwenye chuma, juu ya kichwa cha Kulwa.

Sijui niwaelezeje. Kwanza nilifurahi. Filamu ilikuwa imenitisha kwa sababu hakuna mstari, mtu anaanguka ghafla kama taa. Sasa mstari huu hapa! Mwekundu, uko juu yake, mahali pale pale unapokaa. Nikautazama, kwa sababu nilifundishwa nitazame mstari nisimtazame mtu. Nikaona unapungua.

Ulikuwa unashuka, tone kwa tone, na hakuna anayempiga. Nikatazama wakubwa wafanye kitu. Nesi akapita, akagonga mpira kwa kucha, akasema, "Inashuka vizuri." Mama akasema, "Afadhali, asante Mungu." Afadhali! Nikamtazama mama yangu mzazi nikaona masikini hajui kusoma gemu. Wodi nzima ile, wagonjwa, wauguzi, wake kwa waume, mtu pekee aliyecheza kwa Luhende nilikuwa mimi.

Mama akachukua kikombe akaenda kukisuuza ili amkorogee uji. Nikapanda kwenye kistuli. Nilikuwa nimemwona nesi akikigusa kile kigurudumu, upande huu damu inakwenda taratibu, upande ule inakwenda mbio, kwa hiyo nilijua kazi yake. Nikainama sikioni kwa Kulwa nikamuuliza, "Nisimamishe?" Alikuwa amefumba macho. Kuna miaka ninasikia kabisa akisema, "Simamisha." Kuna miaka ninasikia pumzi tu. Kadiri ninavyokua pumzi inazidi kushinda.

Nikazungusha. Matone yakakoma. Mstari ukasimama zaidi ya nusu, uhai mwingi tu, unamtosha hata kumpiga bibi na mwavuli wake. Nikamwambia apumzike, vidole vikipoa nitamfungulia. Nikaufunika mpira kwa shuka ili wasiojua mchezo wasije wakaharibu.

Nje kulikuwa na watoto wengine wa wagonjwa chini ya kibaraza, mmoja ana karanga. Nikawasimulia kwamba nimemwokoa kaka yangu. Wakanipa karanga nyingi kuliko haki yangu. Tukacheza gemu bila gemu, mimi nikiwa Masanja, tukipigana kwa matawi, na niliposhinda wote nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kuna kitu ninapaswa kwenda kukifungua.

Niliporudi nesi alikuwa ameshafunua shuka.

"Nani amefunga hii? Mama, nani amegusa hii?"

Mama alikuwa na uji mkononi. Akaukoroga. Kisha akasema, "Labda amejigeuza, sista."

"Mtu akijigeuza anafunga? Tangu saa ngapi iko hivi? Tazama, imeganda! Imeganda yote mpaka huku." Akafungua, akafinya mpira, akauvuta na kuusukuma, hakikushuka kitu. Akaitoa. Ile damu ya Luhende, zaidi ya nusu, akaondoka nayo ikiwa imelala kwenye beseni la chuma, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, maganda ya karanga yamenijaa kwenye kaptula, nikaupisha uhai wa Kulwa upite.

Luhende hawakumruhusu kutoa tena. Mjomba akapigiwa simu Nyashimo, akaahidi kwamba atapanda gari la kwanza. Alipanda kweli. Alifika asubuhi, akatoa, damu ikaenda maabara kupimwa. Kulwa hakuisubiri. Aliomba maji, mama akampa, akanywa kidogo, akanitazama mimi kwa zile taa zake za njano. Sikujua kama ananiaga au ananiuliza.

Nikaanza kuhesabu. Kwa sauti, kurudi chini, kama namba zile zinazotokea ukianguka. Nikifika mwisho naanza upya. Mwanamke mmoja wa kitanda cha pili akaniambia nyamaza mwanangu, nikaongeza sauti, kwa sababu nilikuwa nahofia nikinyamaza ndiyo nafasi itapita. Mjomba akanibeba nje nikiwa bado nahesabu. Pale nje aliniambia mimi ni hodari, nimejua namba mapema hivyo.

Tulimzika Ipililo, kwa babu, pembeni ya shamba la pamba. Mchungaji alisema maua ya Mungu huchumwa na Mungu mwenyewe. Nilimtazama nikaona huyu naye hajui gemu. Watu walikula wakanawa, na walipokwisha kunawa wakaanza kuongea, kama kawaida ya watu wenye mikono safi. Habari ikapita kwamba damu ile iliganda ndani ya mpira. Damu ya nani? Ya Luhende, yule wa video. Basi! Akina shangazi wakalipata jibu. Mtu mwenye sauti za watu wengi hivyo, huyo damu yake siyo yake peke yake, itakubalije kukaa kwa mtoto wa watu? Wakatikisa vichwa. Mimi nilikuwa katikati yao, nimekalia mguu wa mmoja wao, ninakula.

Luhende alikuja msibani akasalimia, "Mwangaluka," wakamwitikia kwa mdomo wa pembeni. Baada ya hapo wazazi wakakataza watoto wao kibanda kile. Asubuhi gemu likakosa wachezaji, mchana filamu zikakosa watu. Mara ya mwisho kupita pale, alikuwa amekaa peke yake nje, mlango wazi, akaniita, "Shija, njoo uone mwisho wa ile filamu, bure." Nilikimbia. Nilikimbia mpaka nyumbani. Akahama, wakasema Maswa, wengine wakasema mbali zaidi, na wenye mashudu wakatoboa ukuta wakaongeza ghala.

Nilipoanza kusoma sayansi ya viumbe hai mwalimu alichora mfumo wa damu ubaoni, mishale inaingia, mishale inatoka. Mnakumbuka siku ile nilipoigiza kuzimia, darasa likavurugika, nikala fimbo? Sikuwa naigiza sana. Ndipo nilipoelewa kwamba ile ilikuwa inapungua juu ili iongezeke chini. Mtoto yeyote aliyewahi kumwagilia bustani angeelewa. Tangu hapo kila mkicheka kwa ajili yangu mimi huwa nasikia mngojeo mdogo kabla ya kicheko, na ndani ya mngojeo ule naona beseni la chuma linapita.

Jumamosi nilirudi na mashudu nikamkuta mama uani, amekaa kwenye turubai, anachambua pamba, safi mkono wa kulia, fifi mkono wa kushoto. Nikatua gunia, nikakaa upande wa pili wa lundo, nikaanza kumsaidia. Nikajaribu kuingia kwa mlango wangu wa kawaida.

"Mayu, unajua umezaa muuaji?"

"Wa nini, wa ugali?"

"Mayu, sikutanii."

"Bebe lini uliwahi kuacha kutania."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, mstari, kitufe cha katikati, kistuli, shuka, karanga. Nikamwambia na habari ya Luhende, kwamba alihama kwa jina baya lililokuwa langu. Sikumtazama usoni, nilitazama mikono yake, na mikono haikusimama. Safi huku. Fifi huku. Nilipomaliza nilitaka anipige. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo na hata kwa kilio, nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu anachoweza kukifanya mama ambaye leo ndiyo anajua.

Mama akapuliza vumbi kwenye pamba aliyoishika, akaigeuza, akaitazama muda mrefu kama hajui iende upande gani. Kisha akasema, "Nilikuwa mlangoni pa wodi, ng'wanone. Nilikuona umeushika ule mpira. Nikasema mwache, anacheza na kaka yake."